Sindano ya Shaba: Historia ya Mbinu za Hadithi katika Utenzi

Chakula kilichotumwa gerezani hakikumfikia mfungwa. Kila Saada, mjakazi wa nyumbani kwao Fumo Liyongo, alipofika mlangoni na mkate wa unga mzuri, walinzi waliupokonya wakaula. Liyongo alikuwa amefungwa kwa amri ya mfalme wa Pate, na siku zake zilikuwa zinahesabika. Basi akamwimbia Saada wimbo. Walinzi waliusikia wote, wasiambulie kitu. Mama yake Liyongo alipofikishiwa alielewa papo hapo: akaoka mkate mzuri kama kawaida, kisha akaoka na mwingine wa wishwa, mkate ambao askari aliyeshiba hawezi kuutamani, na ndani yake akaficha tupa. Mambo yakawa kama yalivyopangwa. Mkate mzuri uliishia mlangoni, ule wa wishwa ukadharauliwa na kupitishwa ndani. Ngoma ya gungu iliyoombwa na mfungwa mwenyewe ikaanza kurindima, na kelele zake zikaifunika sauti ya tupa ikikata pingu.

Kisa hiki kimo katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu katika beti zipatazo 230. Mwanafunzi anayeusoma kwa ajili ya mtihani huulizwa ataje mbinu za kisanaa zilizotumika, na akifika hapa hana haja ya kuhangaika. Wimbo wa Liyongo ni fumbo. Walinzi wanaojiona wajanja wanapitisha kwa mikono yao kifaa cha kumfungua mfungwa wao, na hicho ni kinaya. Ngoma ya kumuaga mtu anayekwenda kufa ndiyo inayomtoa akiwa hai. Tangu mkate uokwe hadi pingu zikatike, msikilizaji amebanwa na taharuki.

Majina hayo ya darasani ni machanga kwa umri kuliko mbinu zenyewe. Mbinu zilikuwepo na kufanya kazi muda mrefu kabla hazijawekwa kwenye orodha. Zilikua katika miji ya mwambao, mikononi mwa watu waliokuwa na shida mahususi: wakisimulieje kisa kirefu kwa ushairi, mbele ya hadhira inayosikiliza tu, na wakikabidhije kisa hicho kikiwa salama kwa watakaokuja baadaye? Anayeifuata historia hiyo huona kwa nini utenzi umejengwa ulivyojengwa, na kwa nini kila mbinu ilikaa mahali pake.

Hadithi ndefu ya kishairi si mali ya pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Warusi wanajivunia Eugene Onegin ya Alexander Pushkin, riwaya ya kishairi iliyochapwa nzima kama kitabu mwaka 1833, katika beti za mistari 14 zenye mpangilio wa vina aliouunda Pushkin mwenyewe. Lakini Pushkin alipozaliwa, mwaka 1799, Waswahili wa visiwa vya Lamu walikuwa na tendi ambazo zilikwisha kupita mikononi mwa vizazi kadhaa.

Miongoni mwa tendi kongwe zenye tarehe, unaotajwa zaidi ni Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka 1141 Hijria, yaani 1728, kwa agizo la mfalme wa mji huo. Pate wakati ule ilikuwa dola ya kuhesabiwa. Mwaka huohuo Wareno walifanikiwa kurudi Mombasa kwa muda mfupi, na walirudi kwa msaada wa Pate. Katika mji wa aina hiyo, wenye mahakama ya kifalme, wanazuoni na wafanyabiashara, utenzi wa vita haukuwa burudani tu. Ulikuwa sehemu ya heshima ya utawala.

Kisa cha Tambuka kinahusu vita baina ya Waislamu wa zama za Mtume na majeshi ya Rumi chini ya Kaisari Herakli, na beti zake zinapita 1,100. Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoonekana. Uwanja wa vita upo kaskazini mwa Bara Arabu. Hadhira ipo kisiwani, katikati ya mikoko, bahari na mashua. Mtunzi alipaswa kuwaonyesha watu jambo lililo mbali kwa masafa na kwa miaka zaidi ya elfu moja. Watunzi wa tenzi za vita walikabili shida hiyo kwa njia zilizokuja kuwa desturi. Walichora taswira za farasi, panga, vumbi na bendera, kitu kimoja baada ya kingine, hadi macho ya msikilizaji yajae. Waliwapa mashujaa maneno yao wenyewe, wakatishana, wakajibizana na kuapa mbele ya hadhira, badala ya mtunzi kueleza kwa mbali nani alisema nini. Walitumia takriri ili pigo la upanga lisikike zaidi ya mara moja.

Utenzi ulitungwa kwa ajili ya sikio. Ulighaniwa majumbani na kwenye mikusanyiko, sauti moja ikisimulia na wengine wakifuatilia, na wanawake walikuwa na nafasi kubwa katika kuuhifadhi, kuunakili na kuughani. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Akisinzia kidogo au mtoto akilia, neno limempita. Ndiyo maana umbo la utenzi ni jepesi kulishika na gumu kulipoteza: ubeti wa mishororo minne mifupi, kila mmoja ukiwa na mizani 8, mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Beti mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya, ili umbo hilo lionekane kwa karibu:

Jahazi likatokea,
tanga lake lapepea,
watu wakalisogea
ufukweni kutazama.

Nahodha kashuka chini,
barua i mkononi,
hakusema hadharani
aliyotumwa kusema.

Kina cha ndani kilibadilika: ubeti wa kwanza ulifuata -ea na wa pili -ni. Kina cha mwisho kilibaki -ma. Katika utenzi wa beti 1,000, kina hicho kitarudi mara 1,000. Kila kinaporudi kinamwambia msikilizaji kwamba ubeti umefungwa, wazo limetua, na anaweza kuvuta pumzi kabla ya linalofuata. Kina hicho ni kama nguzo ya nyumba: vyumba vinabadilika, yenyewe imesimama palepale. Vina vya ndani vinakipa kisa mwendo, na kina cha mwisho kinakipa umoja.

Mizani nayo ilikuwa na kazi nyingine kubwa, kazi ya ulinzi. Tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, mara nyingi ubeti mzima ukikaa kwenye mstari mmoja na vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama ndogo. Anayenakili huchoka, na neno huweza kudondoka au kuongezeka. Lakini mghani aliyezoea mizani 8 atajikwaa mara moja akikutana na 7 au 9, na atajua kuna kasoro. Katika beti zilizo hapo juu, mtu akiandika “akashuka” mahali pa “kashuka”, mshororo unakuwa na mizani 9 na wimbo unayumba. Kukata silabi namna hiyo ndiko kunakoitwa inkisari. Kurefusha neno ili mizani itimie ni mazida. Kugeuza umbo la neno bila kuongeza wala kupunguza mizani ni tabdila. Kupindua mpangilio wa maneno katika sentensi ni kuboronga sarufi. Watunzi hawakuvitumia hivi kwa kukosa lugha. Walivitumia kwa sababu hadithi ilikuwa na haraka na ubeti ulikuwa mwembamba.

Katika ubeti wa pili, pia, sentensi imeanza mshororo wa tatu ikaishia wa nne. Huo ni mshata, na katika hadithi una manufaa makubwa. Sauti inatua kwenye “hadharani” huku maana ikiwa bado haijakamilika, na katika pengo hilo msikilizaji anaanza kujiuliza nahodha ameficha nini. Taharuki imezaliwa ndani ya umbo lenyewe, kabla hata ya mtunzi kueleza hatari yoyote.

Utenzi una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kwa desturi mtunzi huanza kwa jina la Mungu, humsifu na kumtakia Mtume rehema, na mara nyingi huagiza aletewe wino na karatasi nzuri. Mwishoni hutaja jina lake, pengine ukoo na mji wake, idadi ya beti na tarehe, akaomba radhi kwa makosa na dua kwa wasomaji. Mwanafunzi wa leo huweza kuziruka sehemu hizi akidhani ni maneno ya adabu yasiyohusu kisa. Ni humo, hata hivyo, mlimohifadhiwa sehemu kubwa ya historia ya fasihi yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alifunga utenzi wake kwa kutaja kwamba una beti 102 na kwamba ulitimia mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858. Nambari hizo zimefungwa ndani ya vina na mizani, na kwa hiyo ni vigumu mnakili kuzibadilisha. Hakukuwa na kiwanda cha uchapaji wala ukurasa wa jalada; ubeti wa mwisho ulifanya kazi hiyo.

Mwana Kupona alikuwa mke, kisha mjane, wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sayyid Said wa Unguja. Utenzi wake ni wasia kwa binti yake, Mwana Hashima, na mbinu yake kuu ni sauti. Anasema mama mgonjwa, anamwita binti akae karibu achukue wino na karatasi, na kila anayesikiliza anajikuta ameketi chumbani humo. Kumtambua msemaji huyu, yaani nafsineni, ni nusu ya kuuelewa utenzi. Mafunzo yale yale yangetolewa na mwalimu mbele ya darasa yangekuwa orodha ya amri. Yakitoka kwa mama anayehisi kwamba muda wake umebaki mchache, kila agizo lina uzito wa kuagana.

Tena Mwana Kupona haiachi nasaha ikiwa kavu. Anamwambia binti kwamba anampa hirizi ya kuvaa shingoni, na kidani cha lulu na marijani. Vyote viwili ni maneno anayoyasema. Sitiari hiyo imechaguliwa na mtu anayelijua kabati la bibi harusi wa Pate na Lamu. Anapoeleza namna ya kumtunza mume, anamfananisha na mtoto mdogo asiyejua kusema. Tashbihi hii imezua mjadala wa kweli. Kwa muda mrefu utenzi ulisomwa kama mwongozo wa utiifu wa mke, na toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliutambulisha ughaibuni kwa sura hiyo. Wahakiki wa baadaye, akiwemo Ann Biersteker, waliusoma upya wakaona tabaka nyingine chini yake. Mume aliyelinganishwa na mtoto asiyejua kunena si mtu wa kuogopwa. Ni mtu wa kulelewa, na anayelea ndiye mwenye busara na madaraka ya nyumba. Kama hicho ni kinaya au ni upole mtupu, wasomaji hawajaafikiana, na kutoafikiana huko kumeufanya utenzi uendelee kusomwa kwa makini.

Miaka mingi kabla ya Mwana Kupona, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa ametunga Al-Inkishafi, akilia anguko la Pate. Si hadithi yenye matukio yanayofuatana, na mishororo yake ni mirefu kuliko ya utenzi wa kawaida, lakini hakuna anayesoma mbinu za ushairi wa Kiswahili anayeweza kuipita. Mtunzi anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji kana kwamba ni mtu aliyeketi mbele yake. Anauliza wako wapi matajiri wa jana, maswali yasiyongoja jibu, na mbinu hiyo ya balagha inamlazimisha msikilizaji ajibu kimoyomoyo. Kisha anaingia ndani ya majumba yaliyoachwa. Shubaka zilizopangwa sahani za thamani zimekuwa makazi ya ndege, na bundi anakoroma ndani. Taswira hizi zina nguvu kwa sababu ni mahususi. Hasemi kwamba utajiri umepotea; anaonyesha ukuta ule ule na shubaka zile zile, zikiwa na mpangaji mwingine.

Urithi huu wote ulimfikia Muhamadi Kijumwa. Alikuwa mtunzi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa mbao, na hadi alipofariki mwaka 1945 wageni waliokwenda Lamu kujifunza Kiswahili na ushairi wake walimtegemea sana. Alinakili miswada kwa ajili ya Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann, na kazi za mkono wake zimo hadi leo katika hazina za London na kwingineko. Alipoamua kutunga Liyongo alikuwa na faida moja na shida moja, zote zikitokana na jambo lilelile: kila mtu wa Lamu aliijua hadithi. Hangeweza kumshangaza msikilizaji kwa mwisho. Ilimbidi amshike kwa njia.

Alianza kwa chuku. Liyongo anakwenda kwa siku moja mwendo unaowachukua wengine siku nne. Anapoingia Pate anapuliza baragumu hadi linapasuka, na kutoka katika mzigo wake anatoa kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga, vyombo vya kuijaza nyumba. Chuku hapa inapima umbali. Kadiri shujaa anavyokuwa mkubwa ndivyo kitakachomwangusha kinavyopaswa kuwa kidogo, na Kijumwa analijua hilo tangu beti za mwanzo.

Kabla ya hatari kubwa huja hatari ndogo. Watu wa porini, waliohongwa na mfalme, wanamwalika Liyongo katika kikoa cha kula makoma: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake matunda. Zamu yake ikifika, watamchoma mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anauchagua mkoma mrefu kuliko yote, anatoa mishale yake na kuyaangua matunda akiwa amesimama chini. Tukio hili ni kiangaza mbele. Linaifundisha hadhira kwamba chakula na urafiki katika kisa hiki ni mitego, na kwamba Liyongo hashindwi na mitego ya wageni. Kwa hiyo mtego utakaofaulu lazima utoke ndani ya nyumba yake.

Unakuja kwa mkono wa mwanawe. Mfalme anamwahidi kijana cheo cha uwaziri na binti yake amwoe, iwapo atafichua kitu kinachoweza kumuua baba yake. Kijana anakwenda kuuliza. Kijumwa angeweza kumfanya baba adanganyike, kama walinzi walivyodanganyika. Hakufanya hivyo. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa na amelaghaiwa, na bado anamjibu: ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Hadhira inajua, baba anajua, na kijana peke yake ndiye anayeamini kwamba hila yake imefichika. Hakuna sehemu ya utenzi huu inayoonyesha kinaya kwa uwazi kuliko hapa, na haina pambo hata moja. Ni swali na jibu.

Sindano yenyewe inastahili kuangaliwa. Upanga, mshale, jeshi na gereza vimeshindwa. Kinachofaulu ni chombo cha kushonea, kitu cha nyumbani ambacho hakuna mlinzi angekishuku, na kinaingia mahali ambapo mtoto huunganishwa na mzazi. Wanaosoma ishara katika fasihi hutafuta mara nyingi mambo ya mbali, ilhali hapa ishara imebebwa na umbo na mahali pa kitu chenyewe. Baada ya kuchomwa, Liyongo anachukua upinde, anapiga goti kando ya kisima na kufa akiwa ameuvuta mshale. Mji mzima unaamini kwamba yu hai. Watu hawathubutu kuteka maji, na mama yake anakwenda kumbembeleza kwa nyimbo. Shujaa aliyeingia kwa chuku anatoka kwa chuku, na umbo la kisa linajifunga.

Msomaji wa bara ana jambo la kuangalia hapa. Kina cha mwisho cha Liyongo ni -ya, nacho kinakaa vizuri katika Kiamu, lahaja ya Lamu, ambamo watu husema “kuya” na “moya”. Anayeusoma kwa kugeuza maneno yawe ya Kiswahili sanifu anavunja vina bila kujua, kisha anashangaa kuona utenzi haughaniki. Lahaja ni sehemu ya mbinu za utenzi huu.

Karne ya 19 ilipokuwa inaisha, tenzi zilihamia kwenye vita vilivyoonekana kwa macho. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya mapambano ya watu wa pwani na Wajerumani yaliyoanza mwaka 1888 na ambayo kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji, juu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Mbinu za Tambuka zilibaki: dua ya kufungulia, majibizano, takriri ya mapigo. Kilichobadilika ni uhusiano wa mtunzi na ukweli. Herakli wa Tambuka hakuwa na jirani wa kumsahihisha Bwana Mwengo. Mtunzi wa Lindi alikuwa na majirani waliozika ndugu zao. Majina ya miji, maakida na maafisa wa Kijerumani yalilazimika kuingia kwenye mizani 8, mengine kwa kukatwa na mengine kwa kurefushwa, na inkisari na mazida zikawa vyombo vya mwanahistoria. Tenzi hizo mbili zilikuja kuchapwa katikati ya karne ya 20: wa Maji Maji mwaka 1957 kwa uhariri wa Wilfred Whiteley, na wa el-Buhriy kwa uhariri wa J.W.T. Allen.

Shaaban Robert alilichukua umbo hilohilo akalielekeza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, una beti zipatazo 3,000 na ulichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mwaka 1979 ulichapwa Utenzi wa Rasi ’lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, kazi ya karne ya 19 yenye beti zaidi ya 4,000, uliohaririwa na Leo Van Kessel. Na vita vya Kagera, baina ya Tanzania na Uganda, vya 1978 hadi 1979 vilipokwisha, Henry Muhanika alivisimulia kwa utenzi uliotoka mwaka 1981. Kutoka Tambuka hadi Kagera ni miaka 253, na ubeti ni uleule.

Orodha ya mbinu iliingia darasani kwa njia ya kitabu. Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria, alitoa mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kilifanya kazi ya thamani kubwa: kanuni zilizokuwa zikipokewa kwa mdomo kutoka kwa malenga hadi mwanafunzi wake zikapatikana kwa yeyote anayejua kusoma. Miaka ya 1970 ukazuka ubishi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi wakafuata kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakitetea upana zaidi wa sanaa hii. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walijibu kwa ukali. Katika joto la ubishi huo vina na mizani viligeuka kuwa bendera ya upande mmoja, na swali la vinafanya kazi gani ndani ya kisa likasukumwa pembeni.

Athari zake zipo madarasani hadi leo. Mwanafunzi anafundishwa kuhesabu silabi, kuandika kwamba kina cha mwisho hakibadiliki, kutaja tashbihi mbili na sitiari moja, kisha kufunga daftari. Anapata alama. Lakini anaweza kumaliza Liyongo bila kugundua kwamba makoma ya porini, mkate wa wishwa na swali la mwana ni mtego mmoja unaorudi mara tatu, na kila ukirudi unakuja karibu zaidi na moyo wa mtu. Hilo haligunduliwi kwa kuhesabu beti moja moja. Linagunduliwa kwa kuughani utenzi kwa sauti na kuufuata mfululizo, kama ulivyokusudiwa, na kusimama panapochoma ili kuulizana: hapa nani anajua nini, na nani hajui?

Vitabu vya kufanyia kazi hiyo vipo. Mulokozi alikusanya Liyongo, Mwana Kupona na Al-Inkishafi katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1999. Maktaba ya chuo hicho ina mkusanyo wa miswada iliyotafutwa na Allen mwambaoni, na humo zimo tenzi ambazo bado zinasubiri wahariri. Mwalimu mwenye kitabu hicho kimoja anaweza kuziweka kazi tatu mbele ya darasa kwa wakati mmoja. Zote zina kina cha mwisho kisichobadilika. Katika Liyongo kinasukuma matukio mbele hadi kisimani, katika Mwana Kupona kinarudi kama mkono wa mama unaogonga kila nasaha mahali pake, na katika Al-Inkishafi kinafunga kila swali ambalo moyo umeulizwa ukanyamaza.